Vita Huamuliwa na Ndege au na Viwanda?

Jioni watu wa Temeke wakaapo barazani kupunga upepo, mara nyingi ndege kubwa hupita juu zikishuka katika uwanja wa Dar es Salaam, na mazungumzo hukatika mpaka ngurumo ipite. Ikisha kupita, ubishi huanza. Kijana husema, "Siku hizi taifa lenye ndege kali kuliko za wenziwe ndilo lishindalo vita." Mzee humjibu, "Mwanangu, ndege hairuki kwa hewa tupu. Uliza kwanza ni nani aliyeiunda, ni nani aipaye mafuta, na ikianguka, ni nani atakayeleta nyingine."

Ubishi huu ni mwema, wala si wa kupoteza wakati tu, kwa sababu vita vijapo ni watu wa kawaida wavilipiao. Wengi hudhani ya kuwa jibu lake lazima litafutwe Ulaya au Marekani. Sivyo. Njia ya Kilwa itokayo Dar es Salaam, ipitayo Mtoni na Mbagala katika wilaya ya Temeke, humfikisha msafiri Rufiji. Na huko Rufiji, katika mwaka 1914 na 1915, jambo hili lilipimwa mbele ya macho ya wazee wetu. Basi leo tutaeleza habari hizo kwa utaratibu, kisha kila msomaji atatoa hukumu yake.

MANOWARI ILIYOJIFICHA MIKOKONI

Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza mwezi wa Agosti 1914, nchi hii ilikuwa chini ya Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi. Walikuwa na manowari moja yenye mbio katika pwani hii, jina lake Königsberg, nayo ilikuwa na mizinga mikubwa kumi. Nahodha wake aliitwa Max Looff. Tarehe 20 Septemba 1914, alfajiri, manowari hiyo iliiendea Pegasus, manowari ya Waingereza iliyokuwa imetia nanga Unguja ili mitambo yake itengenezwe, ikaipiga mpaka ikazama. Watu zaidi ya 30 walikufa.

Baada ya ushindi huo mtu angaliweza kudhani ya kuwa Königsberg itatawala bahari yote tangu Mombasa hata Ruvuma. Lakini mitambo yake nayo iliharibika, wala haikuwa na bandari yenye karakana kubwa ya kuipokea. Ikarudi kujificha katika midomo ya mto Rufiji, katikati ya mikoko. Sehemu za boila zilizoharibika zilifunguliwa, zikaburutwa nchi kavu kwa nguvu za watu wengi mpaka Dar es Salaam. Huko zikatengenezwa katika karakana, kisha zikaburutwa tena kurudi Rufiji. Hapo ndipo tuonapo fumbo la kwanza la habari yetu: chombo cha chuma chenye nguvu za maelfu ya farasi kilingojea mabega ya watu wenda kwa miguu.

Mwishoni mwa mwezi wa Oktoba Waingereza walipata kujua mahali ilipo. Mwezi wa Novemba walizamisha meli nzee, iitwayo Newbridge, katika mlango mmoja wa mto ili kuuziba. Lakini manowari zao kubwa hazikuweza kuingia ndani, maana maji ni machache. Na kutoka baharini hawakuweza kuiona Königsberg, maana miti iliificha. Wakaona ya kuwa wahitaji jicho la kutazama kutoka juu.

NDEGE ZA KWANZA ZA RUFIJI

Ndege ya kwanza waliyoileta ilikuwa aina iwezayo kuelea majini, nayo ilikodiwa Durban pamoja na rubani wake, Dennis Cutler. Mwezi wa Novemba 1914 Cutler aliruka juu ya mikoko akaiona manowari. Kazi yake ilikuwa njema. Lakini mwezi wa Desemba ndege yake ilishuka mtoni kwa kuharibika, naye akatekwa.

Mwaka 1915 zililetwa ndege nyingine za aina ya Sopwith. Zilipotoka Uingereza zilikuwa vyombo vya kusifiwa, lakini joto na unyevu wa pwani yetu viliilegeza gundi iliyoshika mbao zake, na injini zikapungukiwa na nguvu hata hazikuweza kupaa vizuri zikiwa na mabomu. Zikaja nyingine za aina ya Short. Hizi ziliweza kupiga picha za manowari hiyo, lakini kupanda juu sana zilishindwa, na Wadachi walikuwa wakizipiga kutoka chini. Kwa muda wa miezi saba ndege zilikwenda na kurudi, na Königsberg ilikuwa bado ikielea.

Basi Waingereza waliagiza vitu vingine. Walikuwa na manowari fupi mbili, Severn na Mersey, zielekeazo kazi ya mtoni kwa sababu hazihitaji maji mengi. Ziliundwa Uingereza kwa ajili ya serikali ya Brazil, na vita vilipokuja Waingereza walizinunua wao. Zilivutwa na meli nyingine kutoka Malta, zikapita mfereji wa Suez, zikafika kisiwa cha Mafia mwezi wa Juni 1915. Mafia ilikwisha kutekwa tangu Januari, na uwanja wa ndege ulitengenezwa hapo. Pamoja na manowari hizo zililetwa ndege nne nyingine zitokazo nchi kavu, mbili za Henri Farman na mbili za Caudron.

Tarehe 6 Julai walijaribu mara ya kwanza, wakashindwa. Mersey ilipigwa na watu wake wakafa. Tarehe 11 Julai walirudi. Rubani Cull na mwenziwe Arnold waliruka juu ya manowari, na Arnold akapeleka habari kwa simu isiyotumia waya: risasi hii imeanguka mbele, ile nyuma, sasa sogezeni kidogo. Ndege yao ilipigwa, injini ikazimika, nao wakaanza kushuka. Hata hivyo Arnold aliendelea kupeleka habari mpaka mizinga ilipoipata shabaha yake. Waliangukia mtoni, wakaokolewa na mashua ya Mersey. Königsberg iliwaka moto, na Wadachi wenyewe wakaipasua ili isitekwe.

Je, ni ndege iliyoishinda Königsberg? Kijana wa barazani atasema ndiyo, naye ana haki kwa sehemu. Pasipo ndege, mizinga ingalipiga mikoko na viboko tu. Lakini ndege ilikuwa jicho, na mizinga ilikuwa mkono, na vyote viwili vilikuwa viungo vya mwili mmoja uliolishwa na viwanda. Ndege ya Cutler ilipopotea, zililetwa nyingine. Za Sopwith zilipolegea, zikaletwa za Short. Za Short zilipochoka, zikaja za nchi kavu. Pegasus ilipozama, manowari nyingine zilikuja mahali pake. Königsberg ilikuwa pekee. Haikuwa na ndugu wa kuirithi.

WADACHI PASIPO NJIA YA BAHARI

Wadachi waliosalia nchini hawakukata tamaa. Mizinga yote kumi ya Königsberg ilitolewa Rufiji ikapelekwa Dar es Salaam, ikatengenezwa, na mingine ikawekewa magurudumu ili itumike nchi kavu. Mmoja wa mizinga hiyo uko mpaka leo katika Ngome ya Yesu huko Mombasa, na mwalimu apelekaye wanafunzi wake huko aweza kuwaonyesha.

Kadhalika walijaribu kufanya vitu vyao wenyewe. Huko Amani, katika milima ya Usambara, palikuwa na kituo cha wataalamu wa mimea. Wataalamu hao walitengeneza dawa ya kwinini kwa magome ya miti, wakafanya sabuni na vitu vingine vingi. Watu walisokota nyuzi wakafuma nguo, wakashona viatu kwa ngozi za nchini, na nazi zilifanywa mafuta ya kuendeshea motokaa. Jambo hili lastahili sifa kwa ustadi. Lakini nchi yaweza kufuma nguo kwa pamba yake, isiweze kuzaa bunduki na risasi kama haina kiwanda cha chuma na baruti. Kwa hiyo walingojea meli kutoka kwao. Mbili tu ziliwafikia: Rubens, iliyofika Manza karibu na Tanga mwezi wa Aprili 1915, ikapigwa na Waingereza lakini shehena yake nyingi ikaokolewa, na Marie, iliyofika Sudi, upande wa Lindi, mwezi wa Machi 1916.

Mwaka 1917, njia ya bahari ilipokuwa imefungwa kabisa, Wadachi wa Ulaya walifikiri njia ya hewani. Walikuwa na chombo kikubwa cha aina ya Zeppelin, kijazwacho gesi, jina lake L59. Urefu wake ulipita mita 220. Katika zama zile hakuna chombo cha hewani kilichoweza kwenda mbali kuliko hicho. Walikipakia tani kama 15 za risasi, bunduki za mtombo, dawa na vitu vingine, wakakipeleka kutoka Jamboli katika nchi ya Bulgaria tarehe 21 Novemba 1917, kije mpaka kusini mwa nchi yetu. Hakikukusudiwa kurudi, kitambaa chake kingekatwa kifanywe hema na mavazi.

Chombo hicho kilivuka bahari ya Mediterania, kikapita juu ya jangwa la Misri, kikafika Sudan. Hapo kikaitwa kwa simu kirudi, kwa kuwa habari zilifika ya kuwa nchi ya kutua imekwisha kutwaliwa na Waingereza. Kikageuka, kikafika Jamboli tarehe 25 Novemba, baada ya kukaa hewani muda wa saa 95 na kwenda kilomita zaidi ya 6,700. Siku ile ile jemadari wa Wadachi, Lettow-Vorbeck, alivuka Ruvuma akaingia Msumbiji kutafuta kwa Wareno risasi alizozikosa.

Hata kama kingalifika, tani 15 ni nini? Hazijazi behewa mbili za gari la moshi. Chombo kile kilikuwa cha ajabu, na ajabu yake ilikuwa kweli. Lakini mtu mwenye kiu hanywi ajabu, hunywa maji, tena kila siku.

HESABU YA MPAGAZI

Mtu aweza kusema sasa, "Basi viwanda ndivyo vilivyoamua." Subirini kidogo. Waingereza walikuwa na viwanda, meli, ndege na motokaa. Mbona walichukua zaidi ya miaka minne, na Lettow-Vorbeck alijisalimisha tarehe 25 Novemba 1918 tu, baada ya kusikia ya kuwa vita vya Ulaya vimekwisha?

Jibu ni hili: vitu vya kiwandani havina faida mpaka vifike mkononi mwa askari. Farasi na ng'ombe waliletwa kwa maelfu wakafa kwa ndorobo. Motokaa zilizama katika matope ya masika. Ndege za Waingereza ziliruka juu ya pori, lakini pori liliwaficha watu. Kwa hiyo mzigo wote ulirudi juu ya kichwa cha mpagazi.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi wake hesabu hii ubaoni. Mpagazi achukua ratili 50 za unga. Kila siku ala ratili 2. Akienda mwendo wa siku kumi, atakuwa amekula ratili 20; na kwa kurudi kwake siku kumi, aweke ratili 20 nyingine. Zilizobaki kwa askari ni ratili 10. Mwendo ukizidi siku kumi na mbili na nusu, mpagazi atakula mzigo wote yeye mwenyewe, na askari hatapata hata kibaba. Ndiyo sababu jeshi lililokwenda mbali lilihitaji wapagazi wengi kuliko askari, na wapagazi wa kuwachukulia wapagazi wengine chakula.

Na hesabu hiyo haikuishia ubaoni. Mahali chakula kilipopungua, kilipunguzwa kwanza cha mpagazi. Watu walichukuliwa vijijini, wengi pasipo hiari yao. Walilala mvuani, wakapatwa na kuhara damu, homa na baridi ya kifua. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza peke yao hukadiriwa kuwa karibu laki moja. Upande wa Wadachi hakuna aliyeandika hesabu yao vema. Huko nyumbani mashamba yalikosa mikono, nafaka ikachukuliwa na majeshi, njaa ikafuata. Kila aendaye soko la Kariakoo hutaja ukumbusho wao bila kufikiri. Maana jina hilo latokana na neno la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, ambao kambi yao ilikuwa hapo Dar es Salaam.

VITA VYA PILI

Katika Vita Kuu ya Pili ndege zilikuwa nyingi na zenye nguvu zaidi, na hapo twaweza kutazama swali letu kwa tarakimu. Mwaka 1944 peke yake Marekani iliunda ndege zaidi ya 96,000, Wadachi karibu 40,000, na Wajapani 28,000 hivi. Mwaka huo huo Wadachi walitoa ndege mpya, Messerschmitt 262, isiyokuwa na panga la mbele, iendayo kwa nguvu ya moto utokao nyuma. Nayo iliwapita mbio adui zake wote. Ziliundwa zaidi ya 1,400, lakini zilizopata kupigana kwa wakati mmoja zilikuwa chache. Injini zake zilichakaa upesi kwa kukosa madini bora; marubani waliojua kazi walikwisha kufa; na viwanda vya mafuta vilipigwa mabomu tangu Mei 1944. Ndege iliyo bora duniani ilikaa chini ikingoja mafuta.

Mtu mwenye akili atauliza, "Na bomu la Hiroshima je? Mwezi wa Agosti 1945 ndege moja ilichukua bomu moja, na baada ya siku chache Japani ikakubali kushindwa." Swali hili ni la haki, wala si la kukwepwa. Ni kweli, chombo kipya chaweza kuharakisha mwisho. Lakini bomu lile lilitoka katika kazi ya watu zaidi ya laki moja, katika viwanda vilivyokula umeme kama miji mikubwa. Na sehemu kubwa ya madini yake, yaani urani, ilichimbwa Shinkolobwe, huko Katanga katika Kongo, kwa mikono ya Waafrika. Tena Japani ilikuwa imekwisha kupoteza meli zake na mafuta yake kabla ya siku ile.

Nchi yetu nayo iliguswa. Wajapani walipotwaa Malaya, Java na visiwa vya Filipino mwaka 1942, kamba na mpira vilipungua duniani. Katani ya Tanganyika na Kenya ikatakiwa sana, na mashamba ya mpira yaliyopandwa zamani za Wadachi yakafunguliwa tena. Maelfu ya watu walilazimishwa kwenda kukata mkonge na kugema mpira. Basi hata kiwanda kilicho mbali ng'ambo kilikuwa na mizizi yake Morogoro na Muheza.

KAGERA

Yuko atakayesema ya kuwa hayo ni mambo ya zamani na ya mataifa makubwa. Tutazame basi vita vyetu wenyewe. Mwezi wa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Libya ilimsaidia Amin, na mwishoni mwa Machi 1979 ndege yake ya mabomu ya aina ya Tupolev 22, iliyopita mbio ya sauti, ilitumwa kupiga ghala ya mafuta ya Mwanza. Mabomu yalikosa shabaha yakaanguka katika hifadhi ya wanyama ya kisiwa cha Saanane, yakaua wanyama. Wakati huo askari wa Tanzania walikuwa wakienda mbele, wengi wao kwa miguu, wakifuatwa na malori yaliyochukuliwa kwa watu na mashirika nchi nzima. Tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ilitwaliwa.

Lakini tusijisifu kupita kiasi. Malori yaliyokwenda Uganda yaliacha mazao bila wa kuyachukua, na fedha za kununulia vipuri vya viwanda zilinunua risasi. Foleni za sukari na sabuni ambazo watu wa Temeke na wa mahali pengine walizisimamia miaka iliyofuata zilikuwa na sababu nyingi; vita hivyo vilikuwa mojawapo.

HUKUMU

Basi tumjibu nini kijana wa barazani? Tumwambie ya kuwa hakukosea kuisifu ndege. Pasipo jicho la hewani Königsberg ingalikaa Rufiji muda mrefu zaidi. Lakini ndege iliyo bora, ikiwa peke yake, ni kama jembe zuri lisilo na mpini wala mkulima. Mwenye kushinda ni yule awezaye kuvunjikiwa leo, na kesho akaleta jingine, na kesho kutwa jingine, mpaka mwenziwe aishiwe.

Na mzee tumwambie ya kuwa naye ana neno la kuongeza. Kiwanda hakianzi mlangoni pa kiwanda wala hakiishi hapo. Huanza kwa mchimbaji wa urani na mkata mkonge, na huishia kwa mtu aliyebeba ratili 50 kichwani, ambaye jina lake halikuandikwa. Kwa hiyo msomaji asikiapo ya kuwa taifa fulani limeunda ndege isiyo na mfano, asiulize mbio zake tu. Aulize mafuta yatoka wapi, vipuri vyaundwa wapi, na zaidi ya yote aulize: ni nani atakayebeba mzigo, naye amewekewa chakula cha siku ngapi?